Makadirio ya Mji wa Dhahabu

Siku tuliyokwenda Mbeya kumposea mdogo wangu wa kiume, nilionywa mara mbili kabla hatujafika hata Mafinga. Nikae kwenye mkeka na wanawake wenzangu, na nifunge mdomo. Onyo la kwanza lilitoka kwa mama. La pili lilitoka kwa baba mdogo, mkulima wa mpunga wa Madibira, aliyekuwa mshenga wetu, na ambaye yeye mwenyewe hajawahi kufunga mdomo tangu azaliwe.

Siwezi kusema walinionea. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ni kupiga hesabu ya nyumba kabla haijajengwa: tofali, nondo, saruji, kokoto, ufundi, mpaka misumari. Mtu anaingia ofisini kwangu pale Iringa akiwa na ramani ya ghorofa na tabasamu, na mimi namrudisha nyumbani na ramani tu. Kazi ya namna hiyo inamzoesha mtu kusema ukweli bila kuuchemsha, na familia yangu iliogopa kwamba nitausema ukweli wowote ule mbele ya wakwe.

Mdogo wangu ni bwana mifugo huko Idodi, kwenye barabara ya kwenda hifadhini. Mpole mpaka anakera. Binti alikutana naye chuoni Uyole, na tangu hapo tukawa hatupumui nyumbani kwa habari zake. Alikuwa yatima. Wazazi wake walifariki akiwa mchanga, bibi yake akafuata muda mfupi baadaye, na aliyemlea mpaka akawa mtu mzima ni babu yake, mstaafu wa reli, katika nyumba yao ya Iyunga, pale Mbeya. Walikuwa wamebaki wawili tu. Binti alishamwambia mdogo wangu waziwazi kwamba anampenda, lakini hatatoka pale bila babu kuridhia kwa mdomo wake mwenyewe. Barua ya posa tulishapeleka, tukajibiwa tufike tuzungumze.

Tulifika Iyunga na baridi yake. Mdogo wangu tulimwacha kwenye kibanda cha chai karibu na barabara kuu, maana mwoaji hakai kwenye mazungumzo. Sisi tukaingia, na faini zikaanza mara moja. Ya kwanza, tuliketi kabla ya kukaribishwa. Ya pili, baba mdogo aliwasalimu wazee wa Kinyakyusa kwa "Kamwene" ya Kihehe kana kwamba yuko sokoni Iringa. Akalipa huku anacheka. Mpaka hapo ilikuwa raha tu, ndivyo mambo haya yanavyokwenda, wenyeji wanakukamua kidogo na wewe unakubali kukamuliwa.

Babu alikaa kwenye kochi lenye kitambaa cha kufuma, amevaa sweta na koti juu yake na kofia ya sufu. Alikuwa mfupi, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba sebule nzima iliinama kumsikiliza. Aliuliza kijana anaishi wapi. Baba mdogo akajibu Idodi.

"Huko kwenye tembo?" akauliza babu.

Baba mdogo akaanza kueleza kwamba tembo hawafiki kila siku. Ningekuwa karibu ningemfinya. Babu alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake, kisha akasema jambo lililotupeleka nyumbani mikono mitupu. Alisema mjukuu wake kwake ni sawa na ule mji wa dhahabu unaohubiriwa kanisani, ule walioimba siku wanamzika mke wake. Alikuwa amesikia kwamba ukoo wetu una mtu wa kukadiria majengo.

"Basi mkaniletee kwanza gharama ya kujenga mji ule," alisema. "Wote. Kuta, misingi, malango, barabara. Mkileta, tutaongea ng'ombe."

"Hesabu ndogo hiyo, mzee wetu," akajibu baba mdogo. "Tutaleta."

Ndani ya gari la kurudi, ugomvi ulianza kabla hatujafika Uyole. Baba mdogo alishikilia kwamba ule ni utani wa wakwe, tukirudi na jogoo mkubwa yataisha. Shangazi alisema mzee amezeeka tu. Mama alikaa kimya mpaka Igawa, kisha akasema, "Pale tumekataliwa kwa heshima." Mtu anayetaka kukunyima bila kukutukana anakuagiza kitu ambacho hakipo dukani.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anaendesha. Kesho yake asubuhi, kabla ya kurudi kazini, alikuja ofisini kwangu akasimama mlangoni na kofia mkononi kama mteja ambaye fedha zake hazijatimia.

"Dada, naomba uipige hiyo hesabu," alisema. "Sina njia nyingine."

Kwa hiyo nikaipiga. Wakati wenzangu wanakwenda kula mchana, mimi nilibaki na kikokotoo na mji wa dhahabu. Vipimo nilikuwa navyo tangu darasa la kipaimara. Kwetu mtoto wa Kilutheri anavijua vipimo vya mji ule kabla hajajua vya chumba anacholala. Urefu, upana na kimo ni sawa. Ukuta wa yaspi. Misingi kumi na miwili, kila mmoja jiwe lake la thamani. Malango kumi na mawili, kila lango lulu moja nzima. Mji wenyewe dhahabu, na barabara dhahabu.

Nilianza na eneo. Nilipogeuza vipimo vya zamani kuwa kilomita, kalamu ilinitoka mkononi. Kiwanja peke yake kingemeza Tanzania tano na kidogo. Nikajaribu kukisia kimo, nikaona Mlima Rungwe ungekaa pale mlangoni kama kichuguu. Kwa barabara niliweka dhahabu nyembamba kabisa, unene wa kucha, maana mkadiriaji mwenye adabu hamharibii mteja fedha. Hata hivyo nilipompigia dalali mmoja wa dhahabu wa Chunya kuuliza bei ya mzigo mkubwa, akauliza gramu ngapi, nikamwambia tuzungumze kwa tani kwanza. Akaniuliza kwa upole kama mimi ni askari, akakata simu.

Habari zilienea nyumbani, na kila mtu akawa mshauri. Baba mdogo alipiga simu kutoka Madibira kunikumbusha mlinzi wa saiti, kwa sababu kama saruji inaibwa, sembuse zumaridi. Shangazi alitaka kujua mafundi watakula nini. Mama, ambaye alisema hataki kusikia habari za mji ule tena, alisimama nyuma yangu akauliza kama nimeweka gharama ya kupitisha mzigo mteremko wa Kitonga, maana malori yanafeli breki pale. Nikaweka. Nikaweka na upotevu wa vifaa, asilimia tano, kama ninavyoweka kwenye kila jengo, halafu nikajicheka peke yangu. Nani anapoteza dhahabu kwa toroli?

Kwenye malango nilikwama. Lulu ya ukubwa wa lango haina muuzaji. Lakini hata bila malango, jumla iliyotoka ilikizidi kikokotoo, kikaniletea herufi badala ya namba. Nikaipiga upya vipande vipande, nikaiandika kwa mkono, na ile namba ikavuka ukingo wa karatasi.

Na hapo ndipo nilipokasirika. Nilikuwa nimekaa siku zote hizo nikijivunia namba, na sikuwa nimefikiri itafanya kazi gani ikifika Iyunga. Tukimpelekea babu ile namba, atasema vizuri, mmejua bei, basi leteni. Tukisema haihesabiki, atasema vizuri, hata mjukuu wangu haoleki. Kote kumezibwa. Yule mzee wa reli alikuwa ametuwekea njia mbili na zote alikuwa amezifunga mwenyewe. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia baba mdogo na hesabu yake ndogo, nikamkasirikia mdogo wangu kwa kupenda mbali wakati Iringa wasichana wamejaa. Nilimpigia nikamwambia hivyo hivyo. Akasema, "Najua, dada," na sauti yake ikanifanya nione aibu kwa kumkaripia.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani nikiwa na hasira zangu. Mchungaji alikuwa anahubiri jambo jingine kabisa, juu ya kungoja, na katikati akautaja ule mji, akasema unashuka ukiwa tayari, umepambwa kama bibi harusi. Maneno hayo nimeyasikia tangu nanyonya. Lakini siku ile niliyasikia kwa sikio la kazini. Mkadiriaji anapopokea kazi, kabla ya kushika kalamu anauliza: nani mwenye mradi, vifaa analeta nani, kiwanja kiko wapi? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hivyo. Mimi nilikuwa nimerukia kwenye tofali.

Mji ule haujengwi hapa. Vifaa si vyetu, ufundi si wetu, unakuja umekwisha. Nilicheka kwa sauti, kanisani, katikati ya mahubiri, na mama akanifinya paja kama nina miaka saba.

Tulirudi Iyunga baada ya mavuno. Safari hii baba mdogo alikuwa amefundishwa la kusema, na alikuwa amelikariri kwa kusaga meno. Alipoanza tu kusema kwamba makadirio yamekamilika, babu aliinua mkono.

"Aliyekadiria ni nani?"

Baba mdogo akanionyesha mimi kule kwenye mkeka. Wazee wa upande wa binti wakanong'ona kwa Kinyakyusa. Mmoja akasema kwamba kwao mwanamke wa upande wa mwoaji hazungumzi mahali pale, na akizungumza ni faini. Baba mdogo, Mungu ambariki, alitoa fedha mfukoni akaziweka mezani kabla sijafungua mdomo. Alifanya hivyo kwa madaha, kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Nilimpenda sana dakika ile.

Nikapiga magoti, nikasalimia, nikaanza na hesabu yenyewe ili babu ajue kwamba tulifanya kazi. Nikamwambia ukubwa wa kiwanja. Nikamwambia habari za dalali wa Chunya, na wazee wakacheka, hata yule wa faini. Nikamwambia malango nilishindwa.

"Lakini makadirio hayo niliyafuta, babu," nikasema. "Niliyakosea. Mji ule haujengwi na anayeupokea. Unashuka ukiwa tayari. Kwetu sisi hakuna gharama ya ujenzi."

Babu alivua miwani.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "mnataka mjukuu wangu bure."

Nilisikia shangazi akivuta pumzi nyuma yangu. Upande wa pili baba mdogo alikuwa amefumba macho. Swali hilo sikuwa nimelitegemea, na nilijua nikijibu vibaya mdogo wangu, tuliyemwacha tena kwenye kibanda cha chai, atakunywa chai ya mwisho ya maisha yake katika mji wa Mbeya.

"Hapana, babu," nikasema. "Nimesema kwetu. Gharama yote iko kwako, na ulishailipa."

Nikaendelea. Nilikuwa nimesikia kwa mdogo wangu, naye alisikia kwa binti, jinsi babu alivyombeba mgongoni kwa kitenge kumpeleka kliniki, mwanamume peke yake kwenye benchi la akina mama, na akina mama wakamcheka. Jinsi alivyojifunza kumsuka nywele, mistari ikitoka imepinda, na mtoto akaenda shule hivyo hivyo akijivuna. Jinsi alivyouza shamba lake la migomba kule Rungwe ili asome. Niliyasema yote mbele za watu. Nilimwambia kwamba mimi maisha yangu yote nimekadiria majengo, na sijaona mahali pa kuandika vitu vya namna ile. Ng'ombe tutakaotoa hawawezi kuvirudisha, na sisi hatujidanganyi kwamba tunavilipa.

"Kazi yetu sisi ni kiwanja tu," nikasema. "Kuandaa mahali pa kumpokea. Hicho ndicho nilichokadiria."

Nikamweleza kiwanja. Nyumba ya mdogo wangu kule Idodi, vyumba vitatu, bati jipya, jiko la nje lisilovuja moshi ndani, kisima cha pampu umbali wa kutupa jiwe. Sikuongeza chumvi, niliipima mwenyewe.

"Na tembo?" akauliza babu.

"Amezungusha kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Tembo akinusa anageuka."

"Wanageuka kweli?"

"Mwaka huu hawajaingia kwake. Kwa jirani wameingia."

Babu akatikisa kichwa kukubali, nikaona kwamba jibu la pilipili limemwingia kuliko yote niliyosema. Kisha akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili juu ya magoti. Alisema kwamba washenga wengine wamewahi kufika pale kabla yetu. Wote walikuja na sifa za vijana wao: huyu ana gari, huyu ana duka Mwanjelwa, huyu yuko serikalini. Walimwambia watakachomletea. Hakuna hata mmoja aliyemwambia anachomwondolea.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Nilijua mkija mtanihesabia ng'ombe, mtanywa chai, mtamchukua, na hakuna mtu atajua kama hapa palikuwa na kitu. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu."

Yule mzee wa faini alikuwa anajifuta uso kwa leso, akijifanya ana mafua. Mimi sikujifanya. Nililia pale pale, na kilio changu si cha kimya.

Tukaingia kwenye ng'ombe. Kama kuna anayedhani machozi yalitupunguzia kitu, hawajui Wanyakyusa. Babu alitaja idadi kamili, na ng'ombe wa heshima ya bibi marehemu juu yake, na blanketi mbili nzito, na hakutoa hata ndama. Baba mdogo alipojaribu kuomba punguzo akapigwa faini nyingine. Tukakubali yote. Mdogo wangu alikuwa amejiandaa kwa zaidi ya hayo, na mimi nilikuwa nimekadiria karibu kabisa na ile idadi, jambo ambalo nimelisema kwenye kila kikao cha ukoo tangu siku ile.

Mwandishi wa upande wao akachukua kalamu kuandika makubaliano. Aliandika majina, akaandika ng'ombe, akaandika blanketi. Alipotaka kumpa babu atie sahihi, babu akamrudishia karatasi.

"Ongeza hapo chini," alisema. "Andika, sijauza. Nimetoa."

Mwandishi akaandika. Babu akasoma, akasoma tena, akatia sahihi, kisha akaamuru kijana aitwe. Mdogo wangu aliingia hana rangi, hajui lolote, macho yananitafuta mimi kwenye mkeka. Sikupata nafasi ya kumjibu. Mama, yule yule aliyenionya nifunge mdomo, alikuwa ameshasimama katikati ya sebule ya watu, amepiga kigelegele kilichowatoa majirani nje.